Dakika Arobaini na Nne za Ukimya

Sajini Vesna Dimovska alikuwa ameshaitoa kalamu mfukoni ili alifunge jalada la kifo cha Hollis Tranter, pale Konstebo Tavita Leaupepe alipoweka karatasi nyingine juu yake.

"Toa hiyo," alisema Vesna.

"Bosi, nipe dakika kumi tu."

"Dakika kumi zako nazijua, Tavi. Huzaa."

Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Upepo wa Agosti ulishuka kutoka kwenye majabali yaliyo nyuma ya mji wa Wollongong na kuyatikisa madirisha ya kituo cha polisi. Vesna alikuwa na miaka hamsini na nane na majalada kumi na moja mezani, maana wapelelezi wawili walikuwa wagonjwa na wa tatu amehamia Sydney. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba. Tangu Ijumaa hakuwa amekula kitu cha kupikwa isipokuwa pai za nyama za kituo cha mafuta.

Jalada la Tranter lilikuwa jepesi kuliko yote, na ndiyo maana alitaka kuanza nalo. Fundi wa maabara, umri miaka sitini na moja. Jumanne ya wiki iliyopita aliingia kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, peke yake, kama alivyofanya kwa miaka mingi, ili agandishe sampuli za majaribio kwa naitrojeni ya kimiminika. Bomba la naitrojeni lilipasuka kwenye kiungo. Feni ya kutolea hewa ilikuwa mbovu. Naitrojeni haina harufu wala rangi. Hujaza chumba taratibu na kuisukuma nje hewa ya kupumua, na mtu huanguka kabla hajajua kwamba ana tatizo. Saa mbili na dakika mbili mtafiti mwenzake, Daktari Ngaire Pomare, alifungua mlango akamkuta chini. Alimburuta hadi kwenye ukumbi. Alikuwa ameshakufa.

"King'ora kililia, Tranter akakinyamazisha kwa mazoea, akaendelea na kazi, akafa," alisema Vesna. "Ajali. Hakimu anayechunguza vifo anangoja."

"Ndivyo tulivyosema. Lakini tulisoma kumbukumbu za king'ora za siku ile tu. Waliokitengeneza wametuma za mwezi mzima leo." Leaupepe aliketi, na kiti kikalalamika. Alikuwa mwanamume mpana, mzaliwa wa Apia, kule visiwani, aliyekulia Port Kembla, na kila alfajiri aliogelea katika bwawa la bahari hata wakati wenzake wamevaa makoti mawili. "Angalia hapa. Kitufe cha kunyamazisha kimebonyezwa saa moja na dakika ishirini na mbili. Sawa?"

"Sawa."

"Kimeachiwa saa ngapi?"

Vesna alivaa miwani. Akasoma. Akasoma tena.

"Saa mbili na dakika sita."

"Dakika arobaini na nne, bosi. Hakikubonyezwa kikaachwa. Kilibonyezwa, kikashikiliwa. Na oksijeni ilianza kushuka saa moja na dakika thelathini na tano. King'ora kingelia hapo, kisingenyamaza mpaka mtu wa tatu mtaani alalamike. Ila kitufe kilikuwa kimeshikiliwa."

"Kitufe kiko ukutani, usawa wa bega."

"Na Tranter alikuwa sakafuni, hatua nane kutoka hapo."

Vesna aliivua miwani na kuyasugua macho. "Kadi za mlango?"

"Tranter peke yake, mpaka Pomare alipoingia. Lakini subiri, kuna kubwa zaidi. Jumapili, siku mbili kabla. Jengo limefungwa, hakuna kadi hata moja. Kitufe kimebonyezwa. Kikashikiliwa karibu saa nzima."

"Na nani?"

"Hilo ndilo swali."

Vesna aliirudisha kalamu mfukoni, polepole, kama mtu anayerudisha mkate alioshaupaka siagi.

"Lete gari," alisema.

*

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, upande wa bahari, na dirisha moja refu lililotazama mashariki. Bomba lilishaondolewa na feni mpya ilikuwa inanguruma darini. Kisanduku cha king'ora kilikuwa kwenye ukuta unaolikabili dirisha: kioo kidogo cha namba, tundu la kitambuzi cha hewa, na kitufe chekundu cha kubonyeza, laini kama cha kwenye simu.

Leaupepe alimulika kisanduku kwa tochi, kwa ubavu.

"Bosi."

Juu kidogo ya kitufe kulikuwa na alama ya mstatili isiyozidi upana wa kidole, iliyong'aa kuliko plastiki iliyoizunguka. Vesna aliigusa kwa ukucha wa glovu. Ilinata.

"Gundi," alisema. "Ipige picha. Kisha tukamwone mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa Profesa Hugh Cathcart, mkuu wa maabara, mtu mrefu mwenye sauti ya kuhutubia hata akiwa na watu wawili. Aliwapa chai, akawaomba radhi kwa biskuti za zamani, kisha, kwa kuwa Vesna alimwuliza kazi yao hasa ni nini, akafungua droo na kutoa ukanda mweusi mwembamba, mrefu kama njiti mbili za kiberiti. Aliubana ncha moja kwenye kishikizo, na kwenye ncha ya pili akaning'iniza skrubu ya chuma.

"Huu ni msuli," alisema.

"Mimi naona karatasi iliyoungua," alisema Leaupepe.

"Kila mtu husema hivyo." Cathcart alitabasamu bila furaha. "Ndani yake kuna tabaka zaidi ya mia mbili, zimelazwa moja juu ya nyingine kama chapati iliyokunjwa. Tabaka moja ni vijipande vya madini, vyembamba kiasi kwamba ukipanga elfu kumi hupati unene wa ukucha. Vijipande hivyo hunywa mwanga na kuugeuza joto. Tabaka inayofuata ni plastiki laini, ambayo ikipata joto hutanuka. Moja inatanuka, jirani yake inakataa. Sasa zitafanyaje, na zimegandana?"

Aliwasha tochi ndogo. Ukanda ukajikunja mara moja, kama kidole kinachoita mtu, na skrubu ikapanda. Akazima, ikashuka.

"Hakuna waya, hakuna betri," alisema. "Kuna watu waliopooza uso, Sajini. Hawawezi kufumba jicho. Jicho hukauka, mwisho wanapofuka. Tunataka kuwapa kope inayofumba yenyewe kila mwanga ukiwa mkali. Hollis ndiye aliyekuwa na mkono wa kuzitengeneza. Yeye na Ngaire."

"Na ukanda kama huo ungeweza kubonyeza kitufe?" aliuliza Vesna.

Kikombe cha Profesa kilisimama njiani.

"Kitufe gani?"

"Cha king'ora chenu."

"Huu hapa, hapana. Hauna nguvu hiyo." Alikiweka kikombe chini. "Hollis na Ngaire walikuwa na mchanganyiko mpya. Huo... labda."

Leaupepe alisogea mbele. "Na mtu anaweza kuuendesha akiwa mbali? Tuseme yuko kule kwenye maegesho ya magari, ana taa kali?"

"Kwa taa inayofaa, hata mita mia. Mbona mnaniuliza hivi?"

"Mlikosana na Tranter mwezi Julai," alisema Vesna. "Watu watatu wametwambia. Mlipigiana kelele ukumbini."

"Alikataa kutia sahihi kwamba kanda zinavumilia kukunjwa mara laki moja. Alisema ameona elfu arobaini tu, na hatasema uongo kwa ajili ya mtu yeyote." Uso wa Cathcart ulikuwa mwekundu. "Na alikuwa na haki. Nilimwomba msamaha siku ya pili. Jumanne ile nilikuwa kwenye treni kutoka Sydney, na wanafunzi wangu wawili. Wikiendi yote kabla ya hapo nilikuwa Canberra kwa mjukuu wangu. Waulizeni."

"Tutawauliza," alisema Vesna. "Swali la mwisho. King'ora hiki kilikuwa na kasoro?"

Profesa alichelewa kujibu. Kuchelewa kwenyewe Vesna alikuandika.

"Kilikuwa... kikali kupita kiasi. Asubuhi. Wafanyakazi walilalamika."

"Kwa mdomo au kwa maandishi?"

"Nitatafuta," alisema Cathcart.

*

Walikaa ndani ya gari, injini imewashwa kwa ajili ya joto. Kimawazo, Leaupepe alikuwa ameshamfunga Profesa pingu.

"Ana ugomvi, ana ujuzi, ana taa. Treni siyo kitu, anaweza kumtuma mtu."

"Kumtuma mtu aende na taa Jumapili asubuhi kunyamazisha king'ora cha chumba kitupu?"

"Majaribio."

"Mara ngapi?"

Vesna aliichukua karatasi, akaiegemeza kwenye usukani na kuanza kuzungushia namba kwa kalamu. Mpaka tarehe kumi Agosti, king'ora kilikuwa kinalia karibu kila asubuhi, na kitufe kinabonyezwa baada ya dakika mbili, tatu, hata mara tano kwa asubuhi, sekunde moja kila mara. Huo ni mkono wa mtu aliyechoka. Kuanzia tarehe kumi na moja mambo yakabadilika. King'ora kinalia, na kabla dakika haijaisha kitufe kimebonyezwa na kushikiliwa.

"Nisomee nyakati," alisema. "Kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na moja."

"Saa moja na nusu. Jumanne hakuna. Jumatano saa moja na ishirini na nane. Alhamisi hakuna. Ijumaa saa moja na ishirini na sita. Jumamosi hakuna. Jumapili, ishirini na nne. Jumatatu, ishirini na tatu. Jumanne, siku yenyewe, ishirini na mbili."

"Jumanne na Alhamisi kulikuwa na nini?"

"Alhamisi ilinyesha. Nakumbuka kwa sababu bwawani tulikuwa wawili tu, mimi na bibi mmoja mwendawazimu." Leaupepe akahesabu kwa vidole. "Jumanne pia. Jumamosi pia. Mvua, bosi. Siku zote tatu."

"Huyu mtu wetu hafanyi kazi siku za mawingu."

"Na kila siku anaamka dakika moja mapema." Leaupepe alipiga paji la uso kwa kiganja. "Jamani! Mimi niko majini kila alfajiri, na sikuliona. Mwezi huu jua linachomoza dakika moja mapema kila siku. Siyo Profesa. Siyo taa. Ni jua hilo hilo!"

"Linapanda baharini, linaingia dirishani, linapiga ukuta," alisema Vesna. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Linakipasha moto kitambuzi, nacho kinadanganyika, kinalia bure. Hiyo ndiyo kasoro ya Profesa. Kisha linaukunja ukanda uliobandikwa juu ya kitufe, king'ora kinanyamaza. Mpaka jua lihame ukutani."

"Kwa hiyo aliyebandika hakutaka kuua mtu. Alitaka kimya."

"Alitaka kimya. Akakipata." Alikunja karatasi. "Sasa niambie kitu kimoja. Siku nyingine kitufe kinaachiwa baada ya saa nzima hivi. Siku ya kifo, dakika arobaini na nne. Kwa nini jua lilichoka mapema?"

Leaupepe alikuwa ameshaanza kupekua jalada. Alikitoa alichokitafuta na kukisoma kwa sauti: "'Nilipofungua mlango king'ora kilikuwa kinalia, nikamwona Hollis amelala chini.' Maelezo ya Daktari Pomare."

"Alifungua mlango saa mbili na dakika mbili."

"Na kitufe kikaachiwa saa mbili na dakika sita." Aliishusha karatasi mapajani. "Alipofungua mlango, bosi, kulikuwa kimya."

Vesna aliondoa breki ya mkono.

"Kesho ni Alhamisi, na wanasema kutakuwa kweupe," alisema. "Waambie Pomare na Profesa wawe kule chumbani kabla ya saa moja. Na umwambie Profesa alete ukanda wake."

*

Asubuhi bahari ilikuwa imetulia na hakukuwa na wingu. Meli tatu za makaa ya mawe zilisimama mbali zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Ngaire Pomare alisimama karibu na mlango, mikono ndani ya mikono ya sweta. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mtu wa Rotorua, ng'ambo ya bahari, aliyekuja Wollongong kwa mkataba wa mwaka mmoja na kukaa tisa. Chini ya macho yake kulikuwa na weusi ambao Vesna aliufahamu vizuri, kwa kuwa aliuona kila siku kwenye kioo chake.

"Ikifika saa moja na dakika kumi na tatu," Vesna aliwaambia, "king'ora hiki kitalia bila sababu."

"Huwezi kujua dakika," alisema Cathcart.

"Tusubiri, Profesa."

Wakasubiri. Mwanga wa manjano uliingia dirishani, ukashuka ukutani taratibu kama maji, ukakigusa kisanduku. Leaupepe alikuwa ameikodolea saa yake. Ilipofika dakika ya kumi na tatu, king'ora kikalia: mlio mwembamba, mkali, unaoingia kwenye meno. Profesa aliziba masikio. Ngaire hakutikisika.

"Weka ukanda wako," Vesna alimpigia kelele Cathcart.

Profesa aliubandika juu ya alama ya gundi. Ukanda ulikunja kichwa, ukakigusa kitufe, ukakiegemea. King'ora kikaendelea kulia. Dakika ikapita, ya pili ikapita.

"Nilikwambia! Hauna nguvu!"

"Daktari Pomare," alisema Vesna. "Kuna mwingine?"

Ngaire akatoka, na Leaupepe akamfuata. Walirudi na bahasha ndogo iliyotoka kwenye droo ya meza yake. Akaubandua ukanda wa Profesa na kubandika wa kwake, haraka, bila kupapasa, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Ukanda ukajikunja. Kitufe kikabonyea.

Kukawa kimya.

"Tulikata kanda mbili siku moja," alisema Ngaire. "Huu ni pacha wake."

"Ngoja," alisema Vesna. "Hulazimiki kusema chochote. Ukisema, Konstebo ataandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kuwa na wakili kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nimekaa kimya siku tisa, Sajini. Nimechoka nacho, hicho kimya." Alivuta pumzi. "Hollis alikuwa na nyonga mbovu. Akiwa kule mezani anamimina naitrojeni, kidude hiki kinalia, inabidi aache, avue glovu, avuke chumba akichechemea, abonyeze. Baada ya dakika tano kinalia tena. Kila asubuhi ya jua. Aliandika kulalamika, hawakumsikiliza. Ndipo nikamwambia, mzee, ngoja nikupe mtu wa kukusaidia."

"Alijua?"

"Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Miaka yote hii tunatafuta kazi ya misuli hii, kumbe kazi yenyewe ni hii.' Akaupa ukanda ule jina. Aliuita Karani. Kila asubuhi aliniandikia ujumbe: Karani amefika kazini. Siku ya mvua: Karani hajaja, mvivu kama wewe." Alivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni. "Feni ilikuwa nzima wakati ule. Iliharibika Jumatatu jioni. Sikuwaza. Naapa, wala yeye hakuwaza. Kilikuwa kinalia bure kila siku, tukasahau kwamba kuna siku kinaweza kulia kweli."

"Na Jumanne?"

"Hakuniandikia. Nikadhani ametingwa." Alikitazama kisanduku ukutani. "Nilifungua mlango, kulikuwa kimya, jua limejaa chumbani, pazuri kabisa. Nikamwona. Nilimvuta nje, nikapiga simu, nikarudi kuuacha mlango wazi hewa iingie. Ndipo nikauona ule ukanda. Ulikuwa bado umekibonyeza kitufe. Yeye amelala pale ukumbini, nao bado unafanya kazi yake, haujui lolote. Sikuweza kuuacha. Nikaung'oa, na king'ora kikaanza kulia, na nikasimama pale nikisikiliza."

Ukutani ukanda pacha ulikuwa umejikunja vile vile, mweusi, imara.

"Uko wapi?" aliuliza Vesna hatimaye.

"Nyumbani. Kwenye kasha la miwani."

"Konstebo atakwenda nawe kuuchukua. Kisha utakuja kituoni na wakili. Uliingilia chombo cha usalama, uliondoa ushahidi, ulidanganya katika maelezo. Siwezi kuyapunguza hayo."

"Sijakuomba."

"Najua." Vesna aligeuka. "Profesa. Zile barua za malalamiko za Tranter. Umezipata?"

Cathcart alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu cha maabara, mabega yamemshuka.

"Tatu," alisema.

"Ulijibu nini?"

"Mbili sikujibu." Aliinua macho. "Ya tatu niliandika: 'Vumilieni mpaka Septemba.'"

"Nitazihitaji zote, pamoja na jibu lako. Na jina la aliyejua Jumatatu jioni kwamba feni haifanyi kazi na hakufunga chumba."

"Ni mimi," alisema Cathcart. "Waliniambia kwa simu. Nilikuwa kwenye chakula cha jioni."

Vesna aliandika. Aliandika saa, akaandika chakula cha jioni, akafunga daftari. Aliuangalia ule mwanga ulivyokuwa ukisogea ukutani, akatamani kukaa chini, lakini kiti kimoja tu kilikuwepo na alikuwa nacho Profesa.

*

Glenys Tranter, mjane wa Hollis, aliishi kitongoji cha Corrimal, katika nyumba ya matofali yenye uzio mfupi. Alifungua mlango akiwa na bisibisi mkononi na aproni iliyolowa.

"Ingia, mwanangu. Angalia usiteleze. Nayeyusha barafu ya friji. Hollis aliahidi kuifanya tangu Krismasi."

Jikoni sakafu ilikuwa imetandazwa mataulo, na beseni mbili zimejaa mapande ya barafu. Vesna alimwomba akae. Mjane alikataa, aliendelea kuchokoa barafu huku akisikiliza. Vesna alimweleza yote, kwa mpangilio, kwa maneno mafupi: feni, bomba, barua tatu, jua, ukanda. Alikuwa amewaletea watu habari za namna hii kwa miaka thelathini na moja, na hakuwahi kuona faida ya kuzunguka.

Glenys aliiweka bisibisi chini.

"Aliumia?"

"Hapana. Wanasema mtu huona kizunguzungu kidogo tu, kisha basi."

"Hao wanaosema walikufa lini wakajua?"

Vesna alifungua daftari lake.

"Kile kikanda alinieleza," alisema Glenys. "Mezani pale. Alicheka hata akamwaga mchuzi. Nilimwambia, Hollis, mtu mzima wewe, mnachezea vitu vya hatari. Akasema, Glen, hicho kidude hakijawahi kusema kweli hata siku moja." Alikausha mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nalo hilo utaliandika?"

"Nikiruhusiwa nawe. Litamsaidia Daktari Pomare. Litaonyesha kwamba mumeo alijua na alikubali."

"Na huyo Profesa?"

"Litampeleka mbele ya hakimu, pamoja na barua zake."

"Andika."

Vesna aliandika, akamsomea, na Glenys akatia sahihi, karatasi ikipata alama ya kidole kilicholowa. Kisha mjane akasimama mbele ya friji iliyo wazi, amempa mgeni mgongo.

"Alikuwa anakuja hapa kila Jumapili, Ngaire," alisema. "Miaka tisa. Hana mtu hapa mjini. Jumapili iliyopita hakuja, nikadhani ananionea haya kwa sababu ndiye aliyemkuta." Barafu ilidondoka ndani ya friji kwa kishindo, hakuishughulikia. "Alisimama pale akasikiliza king'ora, akanidanganya hata mimi. Kwenye mazishi alinishika mkono akanidanganya."

"Ndiyo."

"Utamwona leo?"

"Jioni hii. Kituoni."

"Mwambie nimekasirika. Mwambie nimekasirika kiasi ambacho sijawahi kumkasirikia mtu, na sijui hasira hii itaisha lini. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

"Nitamwambia."

Vesna alifunga begi. Alikuwa ameshafika kizingitini, goti likimwuma, pale sauti ya mjane ilipomfuata kutoka jikoni.

"Na mwambie Jumapili nitakuwa nyumbani."